Simu Zenye Kutilia Shaka: Somo kwa Watumishi wa Umma na Wananchi

Utangulizi

Simu ni chombo cha kuifikisha sauti mahali ambapo mwili haukufika. Hapo ndipo ilipo faida yake, na hapo hapo ndipo ilipo khatari yake. Mtu anapobisha hodi mlangoni, mwenye nyumba humtazama uso, huisikiliza lafudhi yake, huziangalia nyendo zake, na akiingiwa na shaka humwita jirani. Mtu anapobisha hodi kwa simu, yote hayo huondoka ikabakia sauti peke yake, na pengine ujumbe mfupi wa maandishi usiokuwa na hata hiyo sauti. Mpokeaji hutakiwa aamue katika dakika chache kama aliyempigia ni ndugu, ni mkubwa wa kazi, ni mtoa huduma, ni mtu wa mzaha au ni mwizi.

Somo hili limekusudiwa kumsaidia mtumishi na mwananchi afanye uamuzi huo kwa utaratibu badala ya kubahatisha. Halikusudii kumtia mtu khofu hata aache kupokea simu, kwa maana asiyepokea simu yoyote naye hupata khasara: huikosa khabari ya mgonjwa, huukosa wito wa kazi, humkosa mnunuzi wa mali yake. Linalotakiwa ni uangalifu.

Kwa nini mfano wa Lipingo

Ukurasa huu husomwa zaidi na watu wa Visiwani, lakini mfano wa leo tumeuchukua mbali na bahari. Lipingo ni kata iliyoko mwambao wa Ziwa Nyasa, katika Mkoa wa Ruvuma. Kwa miaka mingi mwambao huo ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga, na tangu ilipoanzishwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012 umekuwa chini ya wilaya hiyo, ambayo makao yake makuu ni Mbamba Bay.

Hali ya watu wa mwambao huo inafanana mno na yetu. Mvuvi wa dagaa, ambao huko huitwa usipa, mnunuzi wake yuko Mbinga au Songea. Mtoto wake anasoma skuli ya bweni mbali na nyumbani. Kaka yake yumo Dar es Salaam. Ng'ambo ya ziwa iko Malawi, na kusini uko mpaka wa Msumbiji, na pande zote hizo ana jamaa na watu wa biashara. Basi mambo mengi makubwa ya nyumba yake, yaani bei, ada, ugonjwa na msiba, humjia kwa simu. Mtu wa Micheweni au Makunduchi ambaye mwanawe yuko Morogoro na shangazi yake yuko Maskati ataiona nafsi yake humo. Wanaotenganishwa na maji hutegemea sauti, na anayetegemea sauti hana budi ajue namna ya kuipima.

Mwambao huo una na kisa chake cha historia kinachofaa kuwa mlango wa somo letu. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza iliyoitwa Gwendolen, ikiongozwa na Kapteni Rhoades, iliingia katika bandari ndogo ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, na ambayo leo ni Liuli. Hapo ilikuwapo meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa pwani kwa matengenezo. Waingereza wakafyatua mzinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, ambaye alikuwa akijuana vyema na Rhoades, alistaajabu, kwa sababu hakuwa amepata khabari kwamba vita vimeanza. Siku hiyo aliyekuwa na khabari alimshinda asiyekuwa nayo kabla hata ya mapigano.

Tapeli wa simu anaijua nguvu hiyo. Kila simu yake hujengwa juu ya dai moja, kwamba yeye anayo khabari ambayo wewe bado hujaipata: pesa zimeingia, laini inafungwa, mtoto ameanguka, uhamisho umetoka. Akishakuaminisha kuwa yeye ameshajua na wewe hujui, amekutia mkononi.

Sehemu ya kwanza: Aina za simu na ujumbe wa kutilia shaka

Huduma ya kutuma pesa kwa simu ilianza Kenya mwezi wa Machi; zamani haikuwapo. Ni jambo la juzi tu, la mwaka 2007, ilipoanzishwa M-Pesa, na Tanzania ikafuata mwaka 2008. Huduma hii imewaondolea watu wa mwambao na wa visiwa safari nyingi na khatari ya kubeba fedha njiani. Lakini pamoja na wema huo, simu imegeuka kuwa mkoba, na penye mkoba hapakosi mdokozi. Zifuatazo ni aina zinazojulikana zaidi katika nchi yetu.

1. Ujumbe wa "ile pesa". Ujumbe huu humwambia mpokeaji kwamba ile pesa aitume kwenye namba hii, na kwamba jina litakalotokea ni la fulani. Wengi huucheka, lakini tuutazame unavyofanya kazi. Mtumaji hamjui mpokeaji hata mmoja. Huupeleka kwa namba nyingi kwa kubahatisha. Tuseme, kwa mfano tu, umewafikia watu 1,000. Watu 995 hawana pesa waliyoahidi kumtumia mtu saa hiyo, nao huupuuza. Watano waliobaki wamo katika shughuli hiyo hasa: mmoja ni mvuvi wa Lipingo aliyekuwa akingoja namba ya muuza nyavu, mwengine ni mzazi aliyekuwa akitaka kutuma ada. Huyo hudhani kuwa ujumbe umetoka kwa mtu wake. Lile jina lililotajwa ndani ya ujumbe nalo lina kazi yake. Menyu ya kutuma pesa huonyesha jina la mwenye namba kabla ya kuthibitisha, na tapeli amekwisha kukuzoesha jina geni ili lisikushtue.

2. Pesa iliyokosewa. Unaletewa ujumbe unaosema umepokea kiasi fulani, kisha mtu anakupigia kwa sauti ya unyonge akiomba umrudishie, kwa kuwa amekosea namba na fedha zenyewe ni za matibabu. Mara nyingi ule ujumbe wa kwanza ni wa kughushi. Usiupime kwa kuutazama. Upime kwa kuangalia salio lako mwenyewe kwa menyu ya huduma. Hata kama salio limeongezeka kweli, usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie awasiliane na mtoa huduma wake, ambaye ndiye mwenye utaratibu wa kurejesha muamala.

3. Mhudumu wa uongo. Anajitambulisha kuwa ni mtumishi wa kampuni ya simu. Anakwambia kuwa laini yako itafungwa, au umeshinda zawadi, au akaunti yako inafanyiwa marekebisho, kisha anakuongoza ubonyeze tarakimu moja baada ya nyingine. Mpokeaji hudhani anajaza fomu, kumbe anatuma pesa zake kwa mkono wake mwenyewe, na ile namba ya siri anayoiingiza mwisho ndiyo sahihi yake. Hapa pana kanuni ambayo inafaa ihifadhiwe kwa moyo: kupokea pesa hakuhitaji namba ya siri. Namba ya siri huhitajika pale mwenye akaunti anapotoa, anapotuma, anapolipa au anapotazama salio lake, na kwa shughuli hizo zote hahitaji kuongozwa na mtu aliye upande wa pili wa simu.

4. Simu ya msiba na ugonjwa. Mzazi anapigiwa na mtu anayejiita mwalimu au daktari, akaambiwa kuwa mwanawe ameanguka, anahitaji kupasuliwa sasa hivi, na fedha zitumwe kwa namba hii. Hii ndiyo iliyo katili kuliko zote, kwa sababu inatumia mapenzi ya mzazi kuwa kamba ya kumfungia. Tutairejea chini kwa urefu.

5. Utajiri wa ghafla. Humu mna simu na ujumbe wa wanaojiita mawakala wa Freemason, waganga wenye dawa ya mali, na wagawaji wa mikopo isiyo na dhamana. Wote huishia mahali pamoja: toa kwanza ada ya kujiunga, ya fomu au ya sadaka.

6. Simu ya mkubwa wa kazi. Mtumishi anapigiwa na mtu anayejiita ofisa wa ofisi ya juu. Anaambiwa malimbikizo ya mshahara wake yametoka, au jina lake limo katika orodha ya uhamisho, ila kuna "gharama ndogo ya kusukuma faili". Wastaafu nao hupigiwa kwa jina la mifuko ya hifadhi ya jamii. Anayetaka kulipwa ili akupe haki yako, kama si tapeli basi ni mla rushwa, na katika hali zote mbili hapaswi kulipwa.

7. Simu inayolia mara moja na kukatika. Hii hutoka kwa namba ya nchi za nje. Wajapani, ambao iliwasumbua mapema, waliiita wangiri, maana yake ni kulia mara moja na kukata. Mwenye kuipiga anataka umpigie wewe, kwa kuwa namba hiyo imeunganishwa na huduma ya gharama kubwa, na sehemu ya malipo yako humfikia yeye. Hapa watu wa mipakani na wa visiwani wawe na akili ya ziada. Mtu wa Lipingo hupata simu za kweli za Malawi zinazoanza na 265 na za Msumbiji zinazoanza na 258. Mtu wa Unguja na Pemba hupata za Oman zinazoanza na 968 na za Komoro zinazoanza na 269. Kwa hivyo namba ya nje peke yake si ushahidi wa ubaya. La kufanya ni kungoja. Mwenye haja ya kweli atapiga tena, au ataacha ujumbe wenye jina lake.

Sehemu ya pili: Simu za mzaha na uzushi

Si kila simu ya kutilia shaka inatafuta pesa. Nyengine hupigwa kwa mchezo, na wengi huziona kuwa jambo jepesi. Si jepesi. Nchini mwetu zipo namba fupi za dharura: 112 ya Polisi, 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na 116 ya kusaidia watoto. Kijana anayepiga namba hizo ili acheke na wenziwe huwa ameishika laini ambayo saa hiyo hiyo huenda inahitajiwa na mtoto anayepigwa au na mwenye nyumba inayoungua. Aliye upande wa pili hana njia ya kuujua mzaha mpaka amekwisha kuusikiliza, na gari la zimamoto likishatoka kwenda pasipo na moto, haliwezi kuwapo penye moto.

Mzaha mwengine ni uzushi wa vifo na wa mambo ya kutisha. Mwaka 2004 nchini Nigeria ulienea uvumi kwamba ziko namba ambazo mtu akizipokea anakufa, na mwaka 2007 uvumi wa namna hiyo ukaitikisa Pakistan hata kampuni za simu zikalazimika kuukanusha hadharani. Simu haiwezi kumuua mtu kwa namba yake. Lakini simu ya uongo ya kifo inaweza kumwangusha mgonjwa wa moyo, na inaweza kumpakia mtu katika boti au basi usiku kwenda kuzika mtu aliye hai.

Sheria nayo haikulinyamazia jambo hili. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kupeleka kwa makusudi mawasiliano ya uongo, ya matusi au ya vitisho kwa nia ya kumuudhi au kumsumbua mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao, Namba 14 ya mwaka 2015, inayahesabu kuwa makosa udanganyifu wa kupata mali kwa njia ya mtandao na kujifanya mtu mwengine. Wazazi na walimu wanaombwa wawaeleze vijana mapema kwamba mchezo wa simu una mlango wa kuingilia mahakamani.

Sehemu ya tatu: Namna ya kuipima simu

Mbinu ni nyingi na zitaendelea kuzuka nyengine. Anayekariri mbinu atapitwa, lakini anayejua dalili hapitwi kwa urahisi. Dalili ni tatu, na mara nyingi huja pamoja.

Ya kwanza ni haraka. Tapeli hatoi muda, kwa sababu muda ni adui yake. Utaambiwa dakika tano zimebaki, daktari anangoja, dirisha linafungwa. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, na katika mambo ya simu haraka ya mwengine isigeuzwe kuwa haraka yako.

Ya pili ni siri. Utaambiwa usimwambie mtu, usikate simu, usiende kwa wakala mwenye maswali mengi. Jambo la halali haliogopi shahidi.

Ya tatu ni njia isiyo ya kawaida. Malipo ya Serikali yana namba ya kumbukumbu ya malipo na yana stakabadhi. Hayaendi katika simu ya mtu binafsi. Kadhalika Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imekuwa ikiwakumbusha wananchi kwamba mtoa huduma za simu humpigia mteja wake kwa namba 100, na si kwa namba ya kawaida ya tarakimu kumi.

Sasa turejee kwa yule mzazi. Tuseme yuko Lipingo, mwanawe yuko skuli ya bweni, na simu imekuja kuwa mtoto ameanguka. Moyo unamwambia atume. Afanye hivi. Kwanza, aulize jina kamili la mwalimu, la mtoto, la kidato chake na la hospitali, bila yeye kutaja lolote kati ya hayo. Wengi hujitaja wenyewe bila kujua: mzazi husema "Ni Fatuma wangu?", na tapeli hujibu "Naam, ni Fatuma." Pili, akate simu. Kukata simu si utovu wa adabu; aliye mkweli ataelewa. Tatu, apige yeye mwenyewe kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani: ya mwalimu mkuu, ya mlezi wa bweni, ya jamaa aliye karibu na skuli. Asipige namba aliyopewa na mpigaji, kwa kuwa hiyo itamrejesha kwa yule yule au kwa mshirika wake. Nne, asipompata wa kwanza, ampate wa pili. Kwa sababu hiyo kila nyumba iwe na namba mbili au tatu za kila mahali penye mtoto au mgonjwa wao, zimeandikwa katika daftari na si ndani ya simu tu, maana simu huzimika na hupotea.

Yote hayo huchukua kama robo saa. Khabari ikiwa ya kweli, robo saa hiyo imemwezesha mzazi kuzungumza na mtu anayemjua, na msaada atakaoutuma utafika panapostahiki. Khabari ikiwa ya uongo, robo saa hiyo imeiokoa ada ya mwaka mzima.

Mafundisho ya dini zetu yanakubaliana na jambo hili. Katika Qurani, Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, waumini wameagizwa kuichunguza khabari inayoletwa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua wakabakia kujuta. Makanisa ya mwambao wa Nyasa nayo hufundisha busara ya namna hiyo. Basi asiwepo mtu wa kuona kuwa kuhakikisha ni kumdhania mtu vibaya. Kuhakikisha ni haki ya khabari yenyewe.

Sehemu ya nne: Wajibu maalumu wa mtumishi wa umma

Mtumishi hupigiwa kwa ajili ya nafsi yake, na hupigiwa kwa ajili ya dhamana aliyopewa. Hiyo ya pili ndiyo nzito zaidi.

Katika miaka ya 2015 na 2016 matapeli walijifanya kuwa Waziri wa Ulinzi wa Ufaransa, Jean-Yves Le Drian. Walipiga simu, na hata kuonekana kwa video wakiwa wamevaa barakoa ya uso wake, wakiwaomba watu wakubwa na matajiri fedha kwa madai ya kuwakomboa mateka. Walipata zaidi ya yuro milioni 50 kabla ya kukamatwa, na mwaka 2020 mahakama ya Paris ilitoa hukumu za vifungo. Mwaka 2024 ofisi ya kampuni ya wahandisi ya Arup iliyoko Hong Kong ilipoteza kiasi cha dola za Kimarekani milioni 25, baada ya mfanyakazi mmoja kuingia katika mkutano wa video na watu aliowadhania kuwa wakubwa wake, kumbe sura na sauti zile zilikuwa zimetengenezwa kwa akili mnemba. Waliodanganywa humo hawakuwa watu wa kutojua kusoma. Walidanganywa kwa sababu waliheshimu cheo, na hawakuwa na desturi ya kukihoji cheo kinapokuja kwa njia ya sauti.

Kutokana na hayo, ukurasa huu unawashauri wakuu wa ofisi wauweke utaratibu ufuatao.

(a) Agizo lolote la kutoa fedha, kubadilisha akaunti ya malipo au kutoa mali ya Serikali lisitekelezwe kwa simu peke yake. Lithibitishwe kwa maandishi yenye sahihi, na mtumishi ampigie aliyetoa agizo kwa namba iliyomo katika orodha ya ofisi.

(b) Mtumishi anayeomba uthibitisho asikemewe. Mkubwa anayewaka kwa kuulizwa, leo anamfundisha mdogo wake woga ambao kesho tapeli ataufaidi.

(c) Orodha za watu zihifadhiwe. Sheha au mtendaji wa kijiji ana majina na namba za walengwa wa TASAF, za wazee, za wazazi wa wanafunzi. Mtu akipiga kuomba orodha hiyo, aandike barua. Tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa ya mtu si mali ya kugawa. Mawakala wa pesa nao wasiliache daftari la wateja wazi juu ya meza. Jina na namba vikisomwa na mpita njia, tapeli amekwisha kupata nusu ya kazi yake.

(d) Ofisi iwe na kitabu cha simu za kutilia shaka: tarehe, saa, namba, dai lililotolewa. Simu moja ni jambo la mtu mmoja, lakini simu tano za namna moja katika juma ni khabari ya kufikishwa Polisi.

Sehemu ya tano: Aliyekwisha kupatwa afanye nini

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa njia hiyo zikaanza kufungwa. Hatua hiyo imesaidia, lakini haikuyamaliza mambo, kwa kuwa matapeli hutafuta laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwengine. Tatizo hili halina mpaka. Kenya kwa miaka mingi limetajwa Gereza la Kamiti kuwa mahali ambapo wafungwa hupiga simu za kuwalaghai watu walio nje. Kwa hivyo kila mwenye kitambulisho cha taifa abonyeze *106# atazame ni namba ngapi zimesajiliwa kwa jina lake, na akiona asiyoijua akaripoti kwa mtoa huduma. Mtu anayesajiliwa laini asikubali kuweka kidole mara ya pili na ya tatu kwa kisingizio kwamba mtambo haujasoma, bila ya kuelezwa na kuhakikishiwa.

Aliyetapeliwa asikae na jambo lake. Afanye hivi kwa mfuatano:

1. Apige namba 100 ya mtoa huduma wake mara moja, aombe muamala uzuiwe. Pesa ambayo haijatolewa kwa wakala huenda ikazuilika. Iliyokwisha kutolewa ni shida kuipata.

2. Abadilishe namba yake ya siri ikiwa aliitaja au aliiingiza kwa kuongozwa.

3. Atume taarifa ya ujumbe na namba ya tapeli kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa ajili hiyo. Huduma hii ni hata kwa aliyejaribiwa tu akanusurika.

4. Aende kituo cha Polisi achukue RB, akiwa na namba ya muamala, saa na ujumbe wote. Asifute chochote.

5. Awaambie watu wa nyumbani na majirani.

Hili la mwisho ndilo gumu. Aliyeibiwa ng'ombe hupiga ukelele na kijiji kikatoka. Aliyeibiwa kwa simu hunyamaza, kwa kuchelea kuitwa mjinga, na ukimya wake humwachia mwizi njia wazi mpaka nyumba ya pili. Mvuvi akipoteza fedha za nyavu akanyamaza leo, mwenziwe wa chombo cha jirani atapigiwa kesho kwa maneno yale yale. Kumcheka aliyetapeliwa, basi, ni kumsaidia tapeli. Vikao vya shehia na mikutano ya kijiji viwape watu hao nafasi ya kusema, na wasikilizwe kwa heshima ile ile anayopewa aliyevunjiwa nyumba.

Maswali ya kujipima

Masheha, watendaji wa vijiji, walimu na viongozi wa vikundi wanaweza kuyatumia maswali haya katika mazungumzo.

1. Kwa nini tapeli hutaja mapema jina la mtu mwengine katika ujumbe wa "ile pesa"?

2. Ni shughuli zipi za simu zinazohitaji namba ya siri, na ni ipi isiyoihitaji kamwe?

3. Umepigiwa kuwa ndugu yako amelazwa. Ni namba zipi unazo leo, nje ya simu yako, za kukuwezesha kuthibitisha?

4. Katika ofisi yako, nani ana ruhusa ya kutoa orodha ya majina, na kwa utaratibu gani?

5. Je, ofisi au nyumba yako imekwisha kumcheka mtu aliyetapeliwa? Matokeo yake yalikuwa nini?

Swali la tatu lijibiwe kwa vitendo kabla ya siku kwisha. Chukua karatasi, andika namba mbili za kila mahali penye mtu wako, uibandike ukutani. Ofisi zinaombwa kuubandika ukurasa huu katika mbao za matangazo, na wenye kusoma wawasomee wasiosoma.